Wasomaji Wanauliza: Nani Atazilinda Fedha za Vikundi Vyetu?

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa zinazozunguka jambo moja, nalo ni hofu ya wananchi kwamba fedha ambazo Serikali huzitenga kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinaweza kupunguzwa, kucheleweshwa au kusimamishwa bila wao kuulizwa. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wake ameuliza swali ambalo wengine wote wanalizungukia.

Barua kutoka Singida

*Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake kumi katika kijiji kimoja mkoani Singida. Kazi yetu ni kukamua alizeti. Mwaka 2021 tulikopeshwa na halmashauri yetu, ambayo naomba usiitaje, tukanunua mashine ndogo ya kukamua pamoja na injini ya dizeli. Mkopo ule tuliumaliza wote, na stakabadhi ya rejesho la mwisho nimeibandika kwenye daftari la kikundi. Februari 2023 tuliomba mkopo wa pili ili mavuno yakifika tununue alizeti wenyewe shambani, badala ya kukamua za watu kwa ujira. Aprili tukaambiwa mikopo imesimama. Alizeti zikavunwa, walanguzi wakaja na magunia yao na mizani yao, nasi tukabaki kutazama. Mashine ilikaa chini ya turubai karibu msimu mzima, isipokuwa siku chache tulipoletewa madebe mawili matatu. Mikopo iliporudi tuliomba tena, na mpaka leo tunaambiwa kwamba fedha za awamu hii zimekwisha, tusubiri. Sasa kuna maneno kijijini kwamba hata hiyo asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengewa vikundi itapunguzwa. Nauliza: fedha hizi ni haki yetu au ni hisani ya halmashauri? Na kama ni haki, tumwambie nani azilinde, na tumwambie lini?*

Mama Katibu, asante kwa barua yako, na hasa kwa ile stakabadhi uliyoibandika kwenye daftari. Nitairudia baadaye, kwa kuwa ina uzito kuliko unavyodhani.

Fedha hizo ni haki iliyoandikwa kisheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa na Bunge kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vikundi vya vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya mwaka huo utaratibu ulikuwepo, lakini uliegemea maagizo, wanawake wakitengewa asilimia 5 na vijana asilimia 5, na mkurugenzi aliyebanwa na madeni aliweza kuliweka agizo pembeni mpaka mwaka mwingine wa fedha. Agizo hubadilishwa kwa waraka wa ukurasa mmoja. Kifungu cha sheria hakibadilishwi mpaka wabunge wakae Dodoma na kuamua, na hapo ndipo unapoanza wajibu wao katika jambo hili.

Hata hivyo, naomba tuitazame hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaitetea asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini. Mapato ya ndani ni yale ambayo halmashauri huyakusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, vibali vya ujenzi na kadhalika. Kwanza huondolewa mapato lindwa, kama vile fedha za uchangiaji wa huduma za afya ambazo matumizi yake yamekwisha kupangwa, ndipo kinachobaki hupigiwa hesabu ya asilimia 10. Tuchukue mfano wa halmashauri ambayo baada ya kuondoa mapato lindwa imebaki na shilingi bilioni 2. Vikundi vyote vya wilaya hiyo vitagawana shilingi milioni 200: wanawake milioni 80, vijana milioni 80, na watu wenye ulemavu milioni 40. Ukizigawa hizo milioni 80 kwa kata 20, kila kata inabaki na milioni 4, ambazo hazitoshi kununulia alizeti za msimu hata kwa kikundi kimoja kama chenu. Kwa hiyo afisa anapokwambia kwamba fedha za awamu zimekwisha, yumkini anasema kweli. Lakini una haki ya kuuliza zilikuwa shilingi ngapi, na zimekwenda kwa nani.

Nakwambia haya kwa sababu fedha hizi zinaweza kupungua bila mtu yeyote kugusa kifungu cha 37A. Inatosha chanzo chake kipunguzwe. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 kodi ya majengo, ambayo ilikuwa tegemeo kubwa la halmashauri za mijini, ilianza kuhamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Sisemi kwamba uamuzi ule wa ushuru ulikuwa mbaya, kwani ulimpa mkulima nafuu ambayo alikuwa akiililia kwa miaka mingi, na wewe na wenzako huenda mlifaidika nao mlipouza mazao yenu. Ninachosema ni kwamba siku mapato ya halmashauri yalipopungua, mikopo ya vikundi nayo ilipungua siku hiyo hiyo, na hakuna kikundi kilichopewa taarifa. Mbunge anayetaka kuzilinda fedha hizi anapaswa kuusoma Muswada wa Sheria ya Fedha kila mwaka huku akijiuliza swali hili: chanzo hiki kikiondolewa halmashauri, asilimia 10 itafidiwa na nini?

Sasa nije kwenye jambo lenye uchungu, la mwaka 2023. Serikali ilisitisha mikopo ile mwezi Aprili baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha madoa makubwa: marejesho ambayo hayakufanyika, vikundi vilivyosambaratika baada ya kupata fedha, na vikundi hewa ambavyo havikupata kuwepo ila kwenye karatasi. Anayetaka kuzitetea fedha hizi kwa dhati ni lazima aanze kwa kuyakiri hayo, maana mbunge akisimama bungeni kuzitetea bila kuyagusa atajibiwa kwa sentensi moja na kuketi. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye meza ya maendeleo ya jamii, na nimeyaona mafaili ambayo muhtasari wa kikao cha kikundi umeandikwa kwa mwandiko mmoja, wino mmoja, na saini za wanachama wote kumi zikiwa zimeinama upande ule ule. Hakuhitajika mkaguzi kutoka Dodoma kuligundua hilo. Lilihitaji mtu mmoja apande pikipiki mpaka kijijini na kuuliza kikundi kiko wapi.

Lakini siwezi kukubali kwamba dawa ilikuwa kuwafungia mlango wote. Ninyi mliolipa mliadhibiwa sawa na walioiba, na mliadhibiwa zaidi, kwa kuwa wao fedha walikwisha kuzipata. Kifungu cha sheria kilibaki pale pale, hakikufutwa, ila mwenye haki hakuweza kuidai kwa zaidi ya mwaka mzima. Mikopo ilirudi katika mwaka wa fedha 2024/25, na utaratibu wa kuitoa kupitia benki ukapangwa kuanza kwa majaribio katika halmashauri 10 kati ya 184: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri nyingine zilibaki na njia ya ofisi zao. Ikiwa benki zitawafikia wanawake wa vijijini bila kuwadai hati ya nyumba, nitakuwa wa kwanza kushukuru. Wabunge wanapaswa kuidai taarifa ya majaribio hayo na kuisoma kabla utaratibu haujapelekwa kwingine, wakitazama hasa ni akina mama wangapi wa vijijini waliofika kaunta na kurudi mikono mitupu.

Umeuliza mwambie nani, na lini. Anza na diwani wako, kisha mbunge, na uwaendee mapema. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yenyewe huanza kupikwa miezi mingi kabla. Kati ya Januari na Februari mabaraza ya madiwani hupitia makadirio ya halmashauri, na mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, ijapokuwa wachache wanajua kwamba wanaruhusiwa kuketi pale na kusikiliza. Aprili Bunge la bajeti huanza Dodoma, na makadirio ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, huwa miongoni mwa ya mwanzo kujadiliwa. Juni husomwa hotuba ya bajeti na kujadiliwa Muswada wa Sheria ya Fedha. Watu wengi huanza kulalamika Juni, wanaposikia hotuba redioni, wakati huo karibu kila tarakimu imekwisha kukubaliwa. Barua yako imfikie mbunge kabla hajapanda gari kwenda Dodoma. Tena kumbuka kwamba mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, kwa hiyo hawezi kukwambia kwamba mambo ya halmashauri hayamhusu.

Naambatanisha hapa rasimu ya barua ambayo mnaweza kuibadilisha kwa tarakimu zenu. Iandikeni kwa mkono kama hakuna kompyuta, isainiwe na wanachama wote, na nakala moja ibaki kwenye daftari ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

*Mheshimiwa Mbunge,*

*YAH: OMBI LA KULINDA FEDHA ZA MIKOPO YA VIKUNDI (ASILIMIA 10)*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi ni kikundi cha wanawake kumi tunaoshughulika na ukamuaji wa alizeti. Mwaka 2021 tulikopeshwa na halmashauri na tukarejesha mkopo wote, kama nakala za stakabadhi tulizoambatanisha zinavyoonyesha. Tangu mikopo iliposimamishwa Aprili 2023 hatujapata mkopo mwingine, na mashine yetu inafanya kazi siku chache tu kwa mwaka.*

*Tunakuomba, katika kikao kijacho cha baraza la madiwani, uombe taarifa ya maandishi inayoonyesha mapato ya ndani yaliyokusanywa, kiasi kilichotengwa kwa mujibu wa kifungu cha 37A, kiasi kilichotolewa kwa kila kata na kiasi kilichorejeshwa, na taarifa hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.*

*Tunakuomba pia, wakati Bunge litakapojadili makadirio ya TAMISEMI na Muswada wa Sheria ya Fedha, upinge pendekezo lolote litakalopunguza asilimia 10 au kuondoa chanzo cha mapato ya halmashauri bila fidia, na uiombe Serikali ihakikishe kwamba vikundi vilivyorejesha mikopo havisimamishiwi huduma kwa makosa ya vikundi vingine.*

*Tupo tayari kukupokea kijijini uione mashine na vitabu vyetu vya hesabu.*

*Tunatanguliza shukrani zetu za dhati.*

Unaona kwamba barua haianzi kwa malalamiko. Inaanza na stakabadhi. Mbunge anayesimama kuwatetea wakopaji akiwa na nakala ya rejesho la kikundi cha jimboni kwake mkononi ana silaha ambayo hotuba nzuri haiwezi kumpa, kwa sababu ripoti za ukaguzi zimejaa walioshindwa kulipa, na waliolipa hawana anayewaandika. Ndiyo maana nilikwambia kwamba karatasi ile ina uzito. Itolee nakala tatu, moja ikae kwa mweka hazina, asiwe mtu mmoja mwenye kumbukumbu zote za kikundi.

Barua kutoka Mbeya

*Mhariri, sisi ni vijana wa bodaboda tuliojiunga kikundi. Tulipomwomba mbunge wetu atusaidie kuhusu fedha za vijana, alitujibu mbele ya mkutano kwamba mbunge hana fungu la fedha, kazi yake ni kutunga sheria, twende kwa mkurugenzi. Je, ni kweli?*

Ndugu yangu, ni kweli nusu. Mbunge hana mamlaka ya kuamuru fedha zitoke. Tena Katiba yetu, ibara ya 99, inalizuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kuongeza kodi au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa yameletwa na Serikali yenyewe kupitia kwa waziri. Mbunge hawezi kusimama na kusema fungu hili liongezwe bilioni kadhaa, kisha likaongezwa. Anaweza kuishauri Serikali, na Serikali ikakubali au ikakataa.

Nusu ya pili ndiyo ambayo hakuwaambieni. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na imetaja waziwazi kwamba litajadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Mbunge anaweza kuuliza swali la msingi na la nyongeza. Anaweza kumuuliza Waziri Mkuu siku ya Alhamisi katika maswali ya papo kwa papo. Na Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu, anaweza kushika shilingi katika mshahara wa waziri, yaani kukataa kuupitisha mshahara huo mpaka waziri atoe maelezo yanayoridhisha juu ya jambo lililoulizwa. Wapo wanaodharau hatua hiyo kwa kuwa mara nyingi shilingi hurudishwa jioni ile ile. Siwaungi mkono. Waziri akilazimika kusimama na kueleza, mbele ya taifa zima, kwa nini vijana wa wilaya fulani hawakupata fedha ambazo sheria imeamuru watengewe, maneno yake yanaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata mbunge yeyote anaweza kuyasoma na kumuuliza ametekeleza nini.

Zaidi ya hayo, kuna Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo huwaita wakurugenzi wa halmashauri wajibu hoja za ukaguzi, na kuna Kamati ya Bajeti, ambayo hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha kabla haujapitishwa. Ninyi nanyi ni wadau. Maoni hayo hayaletwi na mabenki na vyama vya wafanyabiashara peke yao.

Kuna jambo lingine la kumkumbusha mbunge wenu kwa heshima. Sheria ya mwaka 2009 ilianzisha Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo ni mbunge mwenyewe. Si fedha zake binafsi na hazipaswi kuchanganywa na mikopo ya vikundi, kwani hutumika kuchochea miradi iliyoibuliwa na jamii, kama vile kumalizia darasa au kisima ambacho wananchi wamekwisha kukianza kwa nguvu zao. Lakini mtu anayeongoza kamati hiyo hawezi kusema kwamba hahusiki kabisa na fedha za maendeleo. Mwendeeni tena, safari hii na ibara na vifungu mkononi, na mpeni nafasi ya kujibu vizuri zaidi. Huenda siku ile aliulizwa ghafla mbele ya kadamnasi akajibu kwa haraka.

Barua kutoka Kilifi

*Kwa Mhariri. Mimi ni mzazi na nina watoto wawili sekondari wanaolipiwa sehemu ya karo kwa basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Tumesikia mahakama imesema mfuko huu ni kinyume cha Katiba. Wabunge wetu wanatuambia tuutetee la sivyo watoto watakosa masomo. Tuufuate upi, mahakama au wabunge?*

Mzazi mwenzangu, nakuelewa vyema, maana karo haingojei rufaa. Mfuko wa maeneo bunge ulianza nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2003, ukitengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya Serikali, na umejenga madarasa na kulipa basari katika maeneo bunge yote 290. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya mfuko ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi kama huo juu ya sheria ya 2015, ikiupa mfuko muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Hoja kuu ni kwamba mbunge anayetunga sheria na kuikagua Serikali hapaswi tena kuwa na mkono katika kutekeleza miradi, na kwamba baadhi ya miradi hiyo ni kazi ya serikali za kaunti zilizoundwa na Katiba ya 2010.

Kwa maoni yangu, usikubali kulazimishwa kuchagua kati ya mawili hayo. Utetee masomo ya watoto wako, kwa kuwa hiyo ndiyo haja yako, na uwaachie wanasheria ubishi wa nani aushike mfuko. Mwandikie mbunge wako, na seneta pia, umwambie hivi: njia yoyote mtakayoichagua, sheria mtakayoipitisha ieleze fedha za basari zitatoka fungu gani na zitamfikia nani, na pasiwepo muhula hata mmoja ambao mtoto atarudishwa nyumbani kwa sababu mfuko mmoja umefungwa na mwingine haujafunguliwa. Pengo baina ya utaratibu wa zamani na mpya ndilo lililowaumiza akina mama wa Singida, na sioni kwa nini lisiwaumize wazazi wa Kilifi.

Barua kutoka Tanga

*Mhariri, mimi ni fundi viatu, natembea kwa magongo. Kila nikiuliza kuhusu asilimia 2 naambiwa hakuna kikundi cha walemavu katika kata yetu, kwa hiyo hakuna fedha. Nifanye nini?*

Ndugu Fundi, jibu ulilopewa limegeuza mambo juu chini. Sheria inaitaka halmashauri itenge fedha kwanza, na kukosekana kwa kikundi katika kata moja hakuondoi wajibu huo. Marekebisho ya kanuni yaliyofanywa mwaka 2021 yalilegeza masharti ya idadi ya wanachama kwa sababu hiyo hiyo, kwamba watu wenye ulemavu wametawanyika, na si rahisi kuwapata watano wa kata moja wenye biashara moja. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, usiishie kata, umwombe akusomee kanuni zinazotumika sasa na akuonyeshe sharti la idadi linavyosema. Kama ngazi za ofisi hazipandiki kwa magongo yako, mwombe ashuke. Ni kazi yake.

Kisha mwandikie mbunge barua fupi. Usimwombe mkopo. Mwombe aulize katika baraza la madiwani swali moja: katika miaka mitatu ya fedha iliyopita, ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu ilikuwa shilingi ngapi kila mwaka, ilikopeshwa kwa watu wangapi, na iliyobaki iko kwenye akaunti ipi?